Huduma Itangulie, Nauli Ifuate: Hoja ya Reli Kutoka Litumbandyosi

Barabara ya Songea kwenda Mbinga ni ya lami siku hizi, na basi halichelewi kuumaliza mwendo wa kilomita zipatazo 100. Likishaipita njia panda ya Peramiho na kufika Kitai, msafiri anaanza kuona mambo mawili yanayoieleza nchi hii. La kwanza ni mashimo ya kilimo cha ngoro kwenye miteremko ya Umatengo, nchi ya Wamatengo, yaliyopangwa mraba kwa mraba kama mkeka uliotandikwa juu ya mlima. La pili ni malori ya makaa ya mawe, yamefunikwa maturubai, yakianza safari ndefu ya kwenda bandari ya Mtwara. Litumbandyosi, kata ya Wilaya ya Mbinga, iko katika ukanda huu wa kilimo, misitu na makaa, nyuma ya Ziwa Nyasa. Reli haipo. Anayetaka kupanda treni kutoka hapa sharti afike kwanza Songea, kisha asafiri takriban kilomita 300 nyingine hadi stesheni ya reli ya TAZARA ya Makambako, mkoani Njombe. Hii ndiyo sababu ya kuileta Litumbandyosi katika mjadala ambao kwa kawaida huishia Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma: je, abiria wa treni aongezewe nauli ili huduma iwe bora?

Jibu langu ni kwamba nauli inaweza kupanda, lakini haina budi kuifuata huduma, haiwezi kuitangulia. Wananchi wa Afrika Mashariki wanasingiziwa ubahili. Wakubwa wa usafiri hupenda kusema kuwa watu wanataka mambo mazuri bila kuyalipia, na kwamba kila ikitajwa nyongeza ya nauli hupiga kelele. Nikiupitia ushahidi, kuanzia njia za vumbi za Ruvuma hadi treni ya umeme ya Dodoma, sioni watu wanaokataa kulipa. Naona watu wanaokataa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa, na sera yoyote ya nauli isiyoijua itaharibika, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Tuanze na vumbi, kwa kuwa ndilo shule ya nauli kwa watu wa kata kama hii. Mwaka 2013, mamlaka ya usafiri ya wakati huo, SUMATRA, ilipanga nauli ya basi la kawaida kuwa shilingi 36.89 kwa kila kilomita ya lami, na shilingi 46.11 kwa kila kilomita ya vumbi. Yaani abiria wa barabara mbovu alitozwa robo zaidi ya mwenzake wa lami. Kwa mwenye gari hesabu hiyo haina kosa: mashimo hula springi, matairi na dizeli, na gari linalopanda milima kwa gia ndogo halirudi na faida ya gari la barabara kuu. Lakini itazame kutoka kwenye kiti cha abiria. Anakaa amebanwa, gunia la mahindi miguuni, madirisha yamefungwa kwa sababu ya vumbi au yamefunguliwa kwa sababu ya joto, na bado nauli yake iko juu kuliko ya mtu anayesinzia kwenye lami. Masika yakichachamaa na basi likashindwa kupita, hubaki bodaboda, ambayo haina kilomita wala kanuni. Bei yake ni makubaliano kati ya mwenye shida na mwenye pikipiki. Kwa hiyo mtu wa huku hahitaji mhadhara kwamba safari ni gharama. Anajua tangu zamani kwamba kulipa zaidi na kuhudumiwa vizuri zaidi ni vitu viwili, na kwamba mara nyingi cha kwanza huja bila cha pili.

Sasa tuitazame reli ya kisasa, yaani SGR, kwani huko ndiko ushahidi wa upande wa pili uliko. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, ikafika Dodoma tarehe 25 Julai mwaka huohuo. Nauli iliyopitishwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini iliyochukua nafasi ya SUMATRA, kwa treni ya kawaida ilikuwa shilingi 69.51 kwa kilomita, na tiketi ya Dar es Salaam hadi Dodoma ikawa shilingi 31,000. Iweke kando ya nauli za mabasi zilizoanza kutumika Desemba 2023: shilingi 48.47 kwa kilomita kwa daraja la kawaida na shilingi 67.84 kwa daraja la kati. Kwa kila kilomita 100, basi la kawaida lilikuwa shilingi 4,847, basi la daraja la kati 6,784, na treni 6,951. Treni ilikuwa ghali kuliko basi la kawaida kwa zaidi ya theluthi moja, na hata basi la daraja la kati ililipita kidogo. Hata hivyo watu waliigombania. Tiketi za mwisho wa wiki na za sikukuu zikawa zinatafutwa siku nyingi kabla, na haukupita muda mrefu abiria wakahesabiwa kwa zaidi ya milioni moja. Sababu haina fumbo: safari ambayo kwa basi huchukua takriban siku nzima ya kazi ilipungua hadi saa 4 au chini ya hapo, na aliyepanda aliona kwa macho yake alicholipia. Hakuna mkutano uliohitajika kumshawishi. Kiti chenyewe, saa ya ukutani na dirisha vilitosha.

Yapo mambo mawili katika mfano huo ambayo husahauliwa. Kwanza, reli hiyo haikujengwa kwa kupandisha nauli ya treni ya zamani ya reli ya kati. Abiria wa Tabora na Kigoma hakuambiwa achange leo ili mwenzake asafiri kwa umeme mwaka 2024. Fedha zilitoka kwenye bajeti ya Serikali na mikopo, yaani kwenye mfuko wa taifa zima, akiwemo mkulima wa kahawa wa Mbinga asiyeijua stesheni ya Pugu. Pili, kwa sababu mkulima huyo naye amechangia, ana haki ya kuuliza kama reli ya kwake itakuja, na kwa masharti gani. Kwangu mimi huu si ubinafsi wa mtu wa pembezoni. Ni swali la haki, tena haki iliyokwishalipiwa.

Wenye mawazo tofauti na yangu watanipeleka Kenya. Huko treni ya Madaraka Express kati ya Nairobi na Mombasa ilipandishiwa nauli kuanzia Januari 2024: daraja la kawaida kutoka shilingi 1,000 za Kenya hadi 1,500, na daraja la kwanza kutoka 3,000 hadi 4,500. Ni ongezeko la nusu nzima, na treni haikuacha kupata abiria. Je, hiyo haionyeshi kwamba nauli inaweza kutangulia? Naona inaonyesha kinyume. Sababu iliyotolewa na shirika la reli la huko ilikuwa kupanda kwa bei ya mafuta, na wala abiria hakuahidiwa behewa jipya wala safari za ziada. Aliyeweza alilipa kwa sababu kasi ya treni alikuwa ameshaizoea tangu 2017; huduma ilikuwa imetangulia kwa zaidi ya miaka sita. Asiyeweza alirudi kwenye basi. Kumhesabu mtu kuwa ameridhika, kumbe amenyamaza kwa kukosa njia nyingine ya haraka, ni kuchanganya ridhaa na kukosa namna.

India inatufundisha zaidi. Machi 2012 waziri wa reli wa nchi hiyo, Dinesh Trivedi, alisimama bungeni kupendekeza nyongeza ndogo ya nauli, akisema usalama wa reli unahitaji fedha. Chama chake mwenyewe kilimgeuka, akajiuzulu ndani ya siku chache, na nyongeza ya madaraja ya chini ikafutwa. Miaka miwili baadaye, Juni 2014, serikali mpya ilipandisha nauli kwa asilimia 14.2, na baada ya maandamano ikabidi iwapunguzie mzigo abiria wa treni za mijini. Huko Chile, Oktoba 2019, peso 30 tu zilizoongezwa kwenye nauli ya treni za chini ya ardhi za Santiago ziliwasha moto uliotikisa nchi nzima, na watu wakasema wazi kwamba hawagombani kwa ajili ya peso 30 bali kwa ajili ya miaka 30. Ukiyapima matukio hayo pamoja, utaona kwamba ukubwa wa nyongeza si jambo la kwanza. Jambo la kwanza ni deni la imani. Shirika ambalo limewachelewesha watu kwa miaka haliwezi kuwaambia waamini kesho. Linatakiwa kulipa deni hilo kwanza, hata kwa sehemu.

Hapa ndipo linapokuja pingamizi zito kuliko yote, na sitaki kulikwepa. Wanasema: huduma bora inahitaji fedha, fedha ni nauli, na ukimzuia mwendeshaji asipandishe nauli kabla ya huduma, umemfunga mikono halafu unamtaka aogelee. Jibu liko katika historia ya kusini kwenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walijenga reli kutoka pwani ya Mtwara kwenda Nachingwea kwa ajili ya mpango wao wa kulima karanga kwa wingi. Karanga zikashindwa, mzigo ukakosekana, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ikafungwa na vyuma vyake vikang'olewa. Nauli ya abiria isingeweza kuiokoa, hata ingezidishwa mara tatu. Au itazame TAZARA, iliyokamilika katikati ya miaka ya 1970 kwa mkopo wa China usio na riba, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ilikusudiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka; kufikia mwaka 2014/15 mzigo wake haukufika hata tani 100,000. Treni za abiria zilipochakaa na kuchelewa, chanzo hakikuwa tiketi kuwa rahisi. Mzigo ulikuwa umehamia barabarani, na kwa hiyo fedha za kutunza njia na injini zilikuwa zimehama nao. Reli nyingi za Afrika zimelishwa na shehena. Abiria husaidia kulipa dereva, umeme, usafi na ukarabati wa mabehewa; kumtwisha gharama ya tuta, daraja na reli ni kumtwika punda mzigo wa lori.

Hoja hiyo inaturudisha moja kwa moja Litumbandyosi, kwa sababu mzigo uko hapa. Makaa ya mawe ya Ngaka, katika kata ya Ruanda ya wilaya hiihii ya Mbinga, yanasafirishwa kwa malori kuvuka mkoa mzima wa Ruvuma hadi Mtwara. Tangu vita vya Ukraine vipandishe mahitaji ya makaa duniani mwaka 2022, malori hayo yameongezeka, na barabara inayabeba kwa gharama ya kila anayeitumia. Kwa miaka mingi Serikali imezungumzia reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa takriban kilomita 1,000 pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga kwenye makaa na chuma, na imesema inatafuta wabia wa kuijenga. Bandari mpya ya Mbamba Bay nayo imeanza kujengwa. Reli hiyo ikija, itakuja kwa ajili ya makaa na chuma. Hofu yangu ni kwamba mbia atakayeijenga atataka treni ya mzigo peke yake, na siku wananchi watakapoomba behewa la abiria, wataambiwa walipe nauli inayofidia kila kitu. Hapo ndipo maoni yao yatakapotafutwa, wakati mkataba umeshatiwa saini.

Haihitaji kuwa hivyo. Ng'ambo ya Ziwa Nyasa, reli ya Nacala yenye urefu wa takriban kilomita 900 hutoa makaa kwenye migodi ya Moatize, Msumbiji, ikakatiza kusini mwa Malawi hadi baharini. Ni reli ya makaa kwelikweli, lakini kwenye njia hiyohiyo kumekuwa na treni ya abiria kati ya Nampula na Cuamba, ikisafirisha watu na mazao yao. Sisemi huduma hiyo ni ya kupigiwa mfano kwa starehe. Nasema inathibitisha kwamba makaa yanaweza kulipia njia na abiria akapita juu yake kwa nauli anayoimudu, mradi sharti hilo liandikwe mapema. Kwa Mbinga na Nyasa, sharti hilo ni muhimu kuliko kiwango chochote cha nauli kitakachotajwa baadaye.

Lipo pia pingamizi la upande mwingine, la wale wanaosema nauli isipandishwe kamwe kwa kuwa wananchi ni maskini. Nawaheshimu kwa moyo wao, lakini siwezi kukubaliana nao. Nauli iliyogandishwa wakati bei ya umeme, vipuri na mishahara inapanda haimlindi maskini. Inamwondolea treni kidogo kidogo. Kwanza feni inakufa na haibadilishwi. Kisha behewa moja linapungua, safari za wiki zinatoka nne kuwa mbili, na mwishowe tajiri yuko kwenye gari lake huku maskini akingoja stesheni. Waswahili tunasema rahisi ghali, na hakuna tiketi iliyo ghali kama ya treni isiyofika. Ujerumani ilijaribu mwaka 2022 kuuza tiketi ya euro 9 kwa mwezi kwa treni za mikoa na mabasi, kwa miezi mitatu. Watu waliipenda na kuinunua kwa mamilioni, lakini mabehewa yakafurika na ucheleweshaji haukuisha, kwani bei peke yake haiongezi injini. Mwaka uliofuata tiketi mpya ikawa euro 49. Kwa hiyo maskini alindwe kwa njia inayomlenga yeye: nauli ya mwanafunzi, nusu nauli ya mtoto, daraja la kawaida lenye viti vya kutosha, na treni ya kawaida isimamayo vituo vidogo ambako mkulima hupandia na magunia yake. Hilo ni bora kuliko kugandisha nauli za madaraja yote, pamoja na ya anayesafiri kwa posho ya ofisi.

Lakini maoni ya wananchi hukusanywa namna gani? Sheria iliyounda LATRA mwaka 2019 inataka wadau wasikilizwe kabla nauli haijabadilishwa, na lipo baraza la watumiaji, LATRA CCC, linalowasemea abiria. Huo ni msingi mzuri. Tatizo ni kwamba mikutano hufanyika mijini, na wanaofika wakiwa wamejiandaa ni watoa huduma, wenye wahasibu na majedwali. Abiria wa kata ya mbali hufikiwa na habari wakati kiwango kipya kimeshabandikwa stendi. Tena swali lenyewe huamua jibu. Ukimuuliza mtu, "Je, nauli ipande?" atasema hapana, kwani ameulizwa kuhusu mfuko wake tu. Ukimuuliza, "Je, ungelipa zaidi kwa huduma bora?" atasema ndiyo, kwani ameulizwa kuhusu ndoto. Majibu yote mawili ni ya kweli na yote mawili hayafai kutungia sera. Swali la haki ni hili: nauli ikipanda kwa kiasi fulani, treni itafika saa ngapi, mara ngapi kwa wiki, ikiwa na viti vingapi, na isipofanya hivyo utarudishiwa nini? Mpe mwananchi swali la namna hiyo, mwachie muda wa kulijadili kijijini kwake, na utapata jibu lenye akili kuliko yale ya kumbi za hoteli.

Kwa maoni yangu, basi, nyongeza yoyote ya nauli ya treni itimize masharti matatu. Itanguliwe na uboreshaji ambao abiria anauona, hata uwe mdogo. Iambatane na ahadi iliyoandikwa, inayopimika, na yenye fidia inapovunjwa. Na fedha zake zitengwe, zitolewe hesabu hadharani kila mwaka, ili mtu ajue shilingi yake imekuwa feni, kiti au injini. Gharama ya njia yenyewe ibebwe na shehena na taifa. Atakayeona masharti hayo ni magumu akumbuke meli ya MV Mbeya II, iliyoanza kazi Ziwa Nyasa mwaka 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200 na tani 200 za mizigo. Ilijengwa kwanza kwa fedha za umma, ndipo abiria wa mwambao wakaitwa kulipa nauli. Hakuna aliyetozwa nauli ya meli isiyokuwepo.

Watu wa Umatengo wanaujua utaratibu huu bila kufundishwa na mchumi. Kwenye ngoro nyasi hufyekwa zikalazwa mraba, udongo ukachimbwa katikati na kuzifunika, maharage yakapandwa kwenye matuta. Mahindi huja msimu unaofuata, juu ya udongo ulioshiba. Kila hatua ina zamu yake, na mlima hauporomoki. Siku LATRA itakapotangaza kupokea maoni juu ya nauli za treni, msomaji wa Mbinga, wa Nyasa na wa Songea usiseme hayakuhusu kwa kuwa huna reli. Andika, tuma, na umtake diwani na mbunge wako wadai treni ya abiria iwemo kwenye mkataba wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay kabla haujasainiwa. Ukishasainiwa, kitakachobaki kujadiliwa ni bei tu.